CD Iliyokataa Kuwaka: Historia Fupi ya Kitale na Bungoma

Wasomaji wangu, leo naandika kuhusu kitu ambacho vijana wanaojifunza kompyuta siku hizi huenda hawajawahi kukishika: CD ya kuwekea mfumo wa kompyuta. Miaka ya 2000 mimi na mafundi wenzangu wa Kitale na Bungoma tulizitegemea sana. Ikikataa kuwasha mashine, neno lilikuwa moja tu: "CD ni mbovu." Mimi nabisha. Mara nyingi CD ilikuwa nzima kabisa.

Tuanze na mtandao. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya iliwasiliana na dunia kwa setilaiti. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, faili la megabaiti 700 lilihitaji karibu saa 28, hata laini isipokatika. Ndiyo maana wengi walingojea CD za bure za Ubuntu, ambazo kampuni ya Canonical, yake Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilizituma kwa posta hadi Aprili 2011. Aliyebahatika kupata faili alichoma nakala, nayo ikapanda matatu: Kiminini, Kamukuywa, Webuye, mpaka Bungoma. CD ikikataa huko, umepoteza nauli na siku nzima.

Sasa, kompyuta inajuaje kwamba CD hii ni ya kuwashia? Mwaka 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa kanuni inayoitwa El Torito. CD ya data imegawanywa katika sekta za baiti 2,048, zinazohesabiwa kuanzia sifuri. Kanuni inasema: katika sekta ya 17 pawe na alama inayoelekeza mahali programu ya kuwashia ilipo. Mashine ikikosa alama hiyo, inaipita CD na kwenda kwenye diski kuu. Haikuelezi kwa nini.

Faili la ISO ni picha ya CD nzima, sekta kwa sekta. Ukiliambia programu ya kuchoma kwamba hili ni picha, kila sekta inakaa mahali pake. Ukilichoma kama unavyochoma nyimbo au barua, unapata CD yenye faili moja kubwa ndani yake, na sekta ya 17 haina alama yoyote. Windows XP haikuwa na uwezo wake yenyewe wa kuchoma picha, ilibidi utafute programu nyingine kama Nero. Windows 7 ya mwaka 2009 ndiyo iliyokuja na uwezo huo.

Mwaka 2007 niliitwa shule moja Bungoma. Windows ilikuwa imekufa kwenye mashine iliyohifadhi miradi ya wanafunzi ya somo la kompyuta la KCSE, na hapakuwa na nakala nyingine. Walikuwa wameletewa Ubuntu 6.06 kutoka Kitale, ile inayowaka moja kwa moja kwenye CD bila kugusa diski. Ikakataa. "Fundi, hii CD ni mbovu," mwalimu akasema, tayari amemtafuta kijana wa kurudi Kitale.

Niliifungua kwenye mashine nyingine. Ndani mlikuwa na faili moja tu, linaloishia na iso. Basi CD ilikuwa bahasha, na barua ilikuwa ndani! Nililinakili faili, nikapiga hesabu ya MD5, nikalinganisha herufi na tarakimu zote 32 na zile zilizotolewa na wenye Ubuntu. Zililingana. Tulichoma upya palepale, kama picha, kwa kasi ndogo. Mashine ikawaka, miradi ikahamia kwenye flashi. Hakuna aliyepanda matatu.

Tangu hapo nafuata utaratibu huu. Kwanza, faili limefika zima? MD5 itakuambia. Pili, CD ina mafaili mengi au moja? Likiwa moja la ISO, limechomwa vibaya. Tatu, jaribu CD kwenye mashine nyingine. Ikiwaka huko, tatizo ni mashine yako: pengine BIOS inaanza na diski kuu, au lenzi ya kisomea CD imejaa vumbi.

Oktoba 2012 Ubuntu 12.10 ilizidi uwezo wa CD, na flashi zikachukua nafasi. Lakini nakutana na kosa lilelile: mtu ananakili ISO kwenye flashi kama wimbo, kisha anasema flashi ni mbovu. Na hesabu bado ipo, ila siku hizi ni SHA-256. Ipige kabla ya kulaumu kifaa.