Freddy na Mafundi Wake

Saa 4 za kuzungumzia muuaji wa kubuni anayewaua watu ndotoni zinaweza kuonekana nyingi mno. Never Sleep Again, filamu ya makala iliyoongozwa na Daniel Farrands na Andrew Kasch mwaka 2010, haichoshi, kwani Freddy Krueger si shughuli yake hasa. Shughuli yake ni watu waliomuunda. Msimulizi ni Heather Langenkamp, aliyeigiza Nancy katika A Nightmare on Elm Street ya 1984.

Wes Craven, mtunzi na mwongozaji wa filamu hiyo ya 1984, alilitoa wazo lake gazetini. Los Angeles Times ilikuwa imeandika habari za vijana wakimbizi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki waliofia usingizini huko Marekani bila sababu kujulikana. Studio kubwa ziliukataa mswada wake. Aliyeupokea ni Robert Shaye wa New Line Cinema, kampuni ndogo aliyoianzisha 1967 na ambayo haikuwa na fedha za kuchezea.

Uhaba huo uliwapa mafundi kazi. Walijenga chumba kizima ndani ya fremu ya kuzungushwa, kamera ikafungwa humo, na ndipo Tina, rafiki wa Nancy, akaonekana akiburutwa ukutani hadi darini. Chumba hichohicho kilitumika kwa kifo cha Glen, mpenzi wa Nancy, aliyeigizwa na Johnny Depp katika filamu yake ya kwanza. Safari hii kilipinduliwa, damu bandia ikamiminwa kutoka juu, na mtazamaji akaiona ikifoka kitandani kwenda darini. Uzito wa damu ukahamia upande mmoja, chumba kikazunguka chenyewe, na Craven akabaki kichwa chini miguu juu pamoja na mpiga picha wake.

Ukuta unaovimba juu ya kitanda cha Nancy ulikuwa kitambaa cha kunyumbuka, na fundi akiusukuma kwa nyuma. Mwaka huohuo wa 2010 hadithi ilitengenezwa upya, ukuta ukachorwa kwa kompyuta, na hofu ikayeyuka. Uso wa Freddy ulioungua nao? David Miller, msanii wa vipodozi, aliufikiria huku akila piza.

Filamu hii ya makala haifichi ugomvi. Craven alitaka hadithi iishe kwa heri. Shaye alitaka mlango wa kuingilia sehemu ya pili, na sehemu ya pili ikaja 1985 bila Craven. Mtunzi wa sehemu hiyo, David Chaskin, aliyekuwa akikwepa swali la maudhui ya ushoga ndani yake, hapa anakiri kwamba aliyaweka kwa makusudi.

Farrands na Kasch walikuwa na mtangulizi, Craven mwenyewe. Aliporudi 1994 na New Nightmare, alitunga hadithi kuhusu watengenezaji wa filamu za Freddy, na ndani yake yeye, Langenkamp, Robert Englund aliyemwigiza Freddy, na hata Shaye waliigiza kwa majina yao halisi.