Hila na Ushahidi katika Les Diaboliques: Kutoka Riwaya hadi Filamu

Filamu ya Henri-Georges Clouzot, Les Diaboliques (1955), aghalabu huhakikiwa kama zoezi la taharuki tu, ambalo thamani yake humalizika pindi siri inapofichuka. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Tunadai kwamba historia ya utunzi wake inaibua suala zito zaidi: ni nani katika jamii anayesadikiwa?

Chimbuko la filamu ni riwaya ya Pierre Boileau na Thomas Narcejac, Celle qui n'était plus (1952). Humo anayehadaiwa ni mume, Ravinel, anayeamini kwamba ameshirikiana na hawara yake kumuua mkewe. Clouzot aliupindua mpangilio huo. Katika filamu anayehadaiwa ni mke, Christina. Yeye na Nicole, hawara wa mumewe, wanamzamisha mume huyo, Michel, katika hodhi la kuogea mjini Niort, kisha wanaitupa maiti katika bwawa la shule ya bweni. Bwawa linapokaushwa, maiti haimo. Kumbe Michel yu hai, na amekula njama na Nicole ili Christina, mwenye maradhi ya moyo, afe kwa hofu.

Mageuzi haya si ya umbo pekee. Shule ni mali ya Christina, ila anayeitawala ni Michel. Hila yao inafaulu kwa kuwa dhuluma ya ndoa ilikwisha kuitayarishia njia.

Suala la ushahidi halikuwa geni kwa Clouzot. Le Corbeau (1943), aliyoitengeneza chini ya kampuni ya Continental iliyomilikiwa na Wajerumani, ilisawiri mji unaosambaratishwa na barua zisizo na jina. Baada ya ukombozi wa Ufaransa alipigwa marufuku kutengeneza filamu hadi 1947.

Katika Les Diaboliques shahidi ni mtoto, Moinet, anayesema kwamba mwalimu mkuu amempokonya manati. Anaadhibiwa kama mwongo, ilhali anasema kweli. Mwishoni, Christina akiwa amekwisha kufa, Moinet anasema bibi huyo amemrudishia manati yake, anaadhibiwa tena. Papo hapo maandishi ya tamati yanawasihi watazamaji wasiwafichulie wenzao siri. Ombi hilo huchukuliwa kuwa mbinu ya biashara. Likisomwa sambamba na adhabu ya Moinet, hata hivyo, ni kejeli kali: hadhira inaombwa kunyamaza pale pale mtoto anaponyamazishwa, na aliyekwisha kuona kwamba mtoto alisema kweli mara ya kwanza hana msingi wa kumkana mara ya pili.