Utengamao wa mbali

Utengamao wa mbali ni huduma ya fiziotherapia, tiba kwa vitendo au mazoezi ya usemi anayopewa mtu mwenye ulemavu wa viungo akiwa nyumbani, kwa simu, video au intaneti. Mtaalamu humtazama aliyepata kiharusi akijaribu kuinuka kitini, humwambia avute visigino nyuma, ainame mbele, arudie. Ndugu husimama karibu asije akaanguka. Huduma hii ilishamiri mwaka 2020, UVIKO-19 ilipofunga kliniki. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka huo, yenye majaribio 22 kuhusu kiharusi, hayakuikuta ikiwa duni kuliko tiba ya ana kwa ana katika shughuli za kila siku, ingawa ushahidi wenyewe haukuwa mzito. Kunyoosha kiungo kilichokakamaa au kupimiwa mguu wa bandia bado humlazimu mgonjwa kusafiri.