Bunia: jioni kwenye barza za depo za zamani

Jua likishuka upande wa Irumu, milango ya chuma ya depo za Boulevard de la Libération inafungwa moja kwa moja. Wabeba mizigo wanakung'uta unga kwenye mabega, wanahesabu franka zao. Dakika chache tu, kwenye barza zile zile ambako mchana kulikuwa magunia ya mchele na makatoni ya sabuni, mama mmoja anaweka mbabula yake, mwingine anapanga viti vya plastiki. Moshi wa mushikaki unapanda. Samaki ya Kasenyi inageuzwa kwenye mafuta, ndizi zinachomwa, muziki unaanza kupigana na muziki wa jirani. Vijana wa Lumumba, Sukisa na Nyakasanza wanafika na pikipiki. Hivi ndivyo mji wa Bunia unatoka jioni: mbele ya kuta ambazo zilijengwa kwa kutunza vitu.

Wengi wanaokaa pale hawajiulizi kwa nini mji mdogo kama huu ulipata depo nyingi hivyo. Jibu liko kaskazini, Kilo. Mwaka 1903 watafuta madini wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu katika mto Agola. Kongo ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold II; ikawa koloni la Ubelgiji mwaka 1908. Machimbo yakakua, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Dhahabu ni kitu chepesi kusafirisha, mtu mmoja anaweza kuibeba. Lakini wale wanaoichimba wanahitaji chumvi, vitambaa, majembe, mashini, mafuta, na chakula cha kila siku. Mji wa depo uliletwa na hivyo vitu vizito.

Vilitoka mbali. Meli ilishusha mizigo Mombasa, reli ikaipeleka Kisumu, ambako njia ya reli ilifika mwaka 1901. Ikavuka ziwa Victoria mpaka Jinja, na kuanzia 1912 reli ndogo ikaipeleka Namasagali. Kutoka pale ni mashua tena kwenye ziwa Kyoga, barabara ya Masindi, kisha bandari ya Butiaba, na mwisho ziwa Albert mpaka ng'ambo yetu, Mahagi na Kasenyi. Mzigo mmoja ulipandishwa na kushushwa mara nyingi kabla ya kuona udongo wa Ituri. Na kutoka ziwani kupanda ule mlima, kwa miaka mingi, gari la kwanza lilikuwa kichwa cha mtu. Wazee wetu walibeba, na si wote walikubali kwa hiari: koloni ilichukua watu kwa nguvu kwa kazi ya mizigo, barabara na machimbo, na vijiji vililazimishwa kutoa chakula cha wafanyakazi.

Bunia ilikuwa mahali pazuri pa kupumzisha mzigo. Ziwa liko mashariki, machimbo kaskazini, na barabara ya msitu inaelekea Irumu, Komanda mpaka Kisangani, ambayo iliitwa Stanleyville. Irumu ndiyo ilikuwa na jina kubwa zaidi mwanzoni upande wa utawala, lakini biashara haiulizi ofisi iko wapi. Wafanyabiashara wa Kigiriki na wa Kihindi walifungua magazini: mbele duka na barza, nyuma depo, na mwenye duka analala pembeni ya mali yake.

Lakini jioni ya wakati ule haikuwa ya kila mtu. Sheria ya koloni ilikataza Mwafrika kuzunguka usiku katika mtaa wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Mtu aliyebeba magunia mchana kutwa mbele ya depo, usiku alipaswa kuwa amerudi cité. Barza ile ambayo leo kijana anakaa na chupa yake, babu yake aliifagia tu, halafu akaondoka.

Hata taa inayowaka pale juu ina historia hiyo hiyo. Umeme wa Bunia, siku unapokuwepo, unatoka kwenye maporomoko ya Budana, kwenye mto Shari, na kile kituo kilijengwa kwa ajili ya mashini za dhahabu, si kwa ajili ya mushikaki. Siku umeme unakatika, jenereta na panneau solaire zinaendelea na kazi.

Baada ya uhuru wa 1960 magazini hazikutulia. Waasi wa Simba walifika Bunia mwaka 1964. Kisha tarehe 30/11/1973 Mobutu akatangaza zairianisation: maduka, mashamba na depo za wageni zipewe Wazaire. Wengi waliopewa walikuwa watu wa karibu na utawala. Kuna waliouzisha kila kilichokuwa kwenye rafu, hawakujaza tena, na funguo ikabaki mfukoni mwao huku depo tupu. Wafanyabiashara wengine, na wale wa Butembo wanajulikana kwa hiyo, walijenga upya wenyewe, kwa njia ya Kampala, Mombasa na Dubai. Ukitazama vizuri, ilikuwa karibu njia ile ile ya zamani, isipokuwa sasa faida inalala hapa.

Halafu vita. Jeshi la Uganda liliingia Bunia mwaka 1998 na kuondoka mwanzoni mwa Mei 2003. Siku zilizofuata zinajulikana na kila jamaa katika mji, na haifai kuzisimulia hapa kwa kirefu. Milango ya magazini ilivunjwa, vitu vikabebwa, watu wakauawa. Maelfu walilala chini ya mahema karibu na kambi ya MONUC na karibu na uwanja wa ndege. Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio 1484 tarehe 30/05/2003, na mwezi Juni askari wa operesheni Artemis, wengi wao Wafaransa, wakafika. Tarehe 1 Septemba wakaachia MONUC. Kitu cha kwanza kilichorudi ni biashara ndogo ya mchana. Mama wa nyanya walitangulia, wenye depo wakafuata. Jioni ilichelewa sana. Mtu hakai nje kwa furaha kama hajui atarudi nyumbani kwa njia gani.

Na jioni haijawa ya wote mpaka leo. Tangu mwisho wa 2017, vurugu za Djugu zilileta familia nyingi Bunia, kwanza kwenye site ya karibu na hospitali kuu, kisha Kigonze. Toka Mei 2021 jimbo liko chini ya état de siège. Wanaume waliokuwa na mashamba yao leo wanabeba magunia Boulevard. Kuna wanawake waliojifunza bei ya depo haraka kuliko wakaaji wa zamani: wanachukua sabuni au chumvi kidogo kidogo, wanauzisha kwa mafungu. Wanajua pia kitu ambacho mnywaji wa barza anakisahau, kwamba bei ya samaki kwenye sahani yake inafuata hali ya barabara. Kasenyi kunapokuwa na wasiwasi, au njia ya Mahagi inapokatika kwa siku mbili, sahani inakuwa ndogo.

Kuna wanaosema pesa za bia zingefaa kitu kingine wakati wengine wako chini ya bâche. Si maneno mabaya. Lakini mbabula ile moja inalisha mwenye kuuzisha, mwenye makaa, mwenye kubeba maji na kijana wa pikipiki, na baadhi yao wanalala Kigonze.

Giza likikaribia, hao ndio wanaoondoka kwanza. Njia ya Kigonze ni ndefu kwa miguu, na nauli ya pikipiki usiku inakula faida ya mchana. Mama anafunika mbabula, anaacha viti kwa mlinzi wa depo, na kupatana naye kwa neno moja juu ya kesho. Mlinzi anavivuta ndani ya barza, anaviegemeza kwenye mlango wa chuma.