Dawa inafanya kazi? Safari ya kutoka kwenye vidole hadi picha ya damu

Wadau, leo tuweke siasa pembeni. Tukizungumzia saratani ya titi huwa tunauliza, "Utajuaje kama unayo?" Swali la pili hatuliulizi sana: ukishaanza dawa, utajuaje kama zinafanya kazi? Lina historia yake, na kipande kimoja kiko kwenye Ziwa letu hili hili.

Ng'ambo, Kampala, Dk. Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago alichapisha mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya kwa watoto. Miaka ya 1960, watoto wenye ugonjwa huo walipoanza kupewa dawa za saratani, jibu lilionekana kwa macho. Uvimbe ulinywea haraka, na picha ya kamera ya kawaida, kabla na baada, ilitosha kuwa ushahidi.

Titi halina bahati hiyo. Uvimbe uko ndani, hivyo kwa miaka mingi kipimo kilikuwa vidole vya daktari na rula. Mwaka 1976 watafiti Moertel na Hanley waliwapa madaktari 16 wa saratani mipira 12 iliyofichwa chini ya sponji, waipime kwa kupapasa. Majibu yalipishana kiasi kwamba mtu angeweza kutangaza uvimbe umepungua wakati uko vile vile! Eksirei ya titi, iliyoanzia kwenye kazi ya Albert Salomon kule Berlin mwaka 1913, ilisaidia, lakini huonyesha umbo. Dawa ikishaua seli, kovu linaweza kubaki na kuonekana kama uvimbe.

Ufunguo ulikuwa damu. Mwaka 1971 Judah Folkman alieleza kwamba uvimbe hauwezi kukua bila kujitengenezea mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo huvuja. Ukimchoma mgonjwa dawa ya kung'arisha picha, hujikusanya pale kwenye uvimbe. Mwaka 1986 Sylvia Heywang na wenzake wa Ujerumani walichapisha picha za MRI za titi kwa kutumia gadolini. Mwaka 2011 Marekani iliruhusu mamografia inayotumia dawa yenye iodini, ambayo ni mashine rahisi zaidi kuliko MRI. Picha hupigwa kabla ya tiba, katikati na mwishoni. Mng'ao ukififia, dawa inauma. Usipofifia, daktari anaweza kubadili dawa mapema.

Si muujiza. Mabaki madogo yanaweza kujificha, na neno la mwisho hubaki kwa mtaalamu wa maabara baada ya upasuaji. Mwenye figo mbovu naye lazima aangaliwe kwa makini.

Kwa nini haya yatuhusu sisi wa Kirumba? Kwa sababu wanawake wengi wa kwetu hufika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa, na mara nyingi dawa hutangulia upasuaji. Jirani yangu mmoja, muuza dagaa, aliwahi kuniuliza anavumilia kutapika na kunyonyoka nywele kwa faida gani kama hakuna anayemwambia uvimbe unakwendaje.

Tumezoea kudai dawa. Tudai na kipimo cha kutuambia kama dawa hiyo inatibu, maana mgonjwa anayemeza sumu kwa matumaini ana haki ya kujua inamuua nani: yeye au ugonjwa. Au mnasemaje?