Gitaa la besi: Nguzo ya bendi za ridhaa inayosahaulika

KATIKA bendi nyingi za ridhaa, mtu wa mwisho kutafutwa huwa mcharazaji wa gitaa la besi. Waimbaji hujitokeza wenyewe, wapenzi wa gitaa la solo hawakosi, na mpiga kinanda hupatikana kanisani. Besi aghalabu huachiwa yule aliyechelewa kufika au aliyeshindwa na solo.

Hata hivyo, chombo hicho ndicho huamua iwapo watu watainuka vitini kucheza au wataendelea kuzungumza huku bendi ikitoa jasho. Bendi inayokipuuza hulipia kosa hilo usiku wa kwanza wa kutumbuiza. Aidha, bendi nyingi haziuawi na ukosefu wa vipaji bali na vyombo visivyofaa, mapatano ya mdomo na ugomvi wa pesa.

Yafuatayo ni mambo ya msingi kuhusu chombo hicho, vifaa vyake na jinsi bendi ndogo inavyoweza kupanga shughuli zake bila kusambaratika.

CHIMBUKO

Kabla ya gitaa la besi kubuniwa, sauti nzito katika bendi za densi ilitolewa na besi kubwa ya kusimama, chombo cha mbao kinachozidi kimo cha mtu. Kilikuwa kigumu kusafirisha, na sauti yake ilimezwa kwa urahisi na ngoma na tarumbeta. Chombo hicho hakijatoweka, kwani bado husikika katika taarab ya Unguja, hususan katika vikundi kama vile Culture Musical Club.

Katika miaka ya 1930, Paul Tutmarc wa mji wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ndogo ya umeme lakini haikuenea. Mabadiliko yalikuja mnamo 1951, wakati Leo Fender wa California alipoanza kuuza gitaa aliloliita Precision Bass. Jina hilo lilitokana na vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni, ambavyo humwezesha mpigaji kupata sauti sahihi bila kubahatisha.

Gitaa la kawaida la besi lina nyuzi nne: E, A, D na G. Ni sauti zilezile za nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, ila zimeshuka oktavu moja. Uzi mnene zaidi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Ili sauti hiyo nzito itoke vizuri, uzi hufanywa mrefu: takriban sentimita 86, ikilinganishwa na 65 hivi za gitaa la kawaida. Yapo pia magitaa ya nyuzi tano, ambapo uzi wa ziada wa B hutetemeka takriban mara 31 kwa sekunde.

BESI KATIKA BENGA

Nchini Kenya, gitaa la besi lilipata makao ya pekee katika muziki wa benga, uliochipuka miongoni mwa Waluo katika miaka ya 1950 na 1960. Wapiga magitaa walihamishia kwenye vyombo vya umeme mapigo ya nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji hukicharaza kwa vidole huku akigonga ubao wake kwa pete ya chuma aliyovaa kidoleni mwa mguu.

Miongoni mwa waliousambaza muziki huo ni Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, na kuongoza kundi la Shirati Jazz hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mnamo Mei 2006. Baadaye benga ilivuka mipaka ya Nyanza. Huko Ukambani iliendelezwa na wanamuziki kama vile Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers, na katika eneo la Mlima Kenya ikaimbwa kwa Kikikuyu.

Katika benga, besi haibaki nyuma kama mlinzi wa lango. Hurukaruka, hujibizana na solo na kuusukuma wimbo mbele, hasa pale waimbaji wanaponyamaza na kuyapisha magitaa. Katika rumba ya Kongo, besi hutembea kwa utulivu wakati wa kuimba, kisha huchangamka sebene inapoanza. Katika rege, besi hubeba wimbo wenyewe. Marehemu Aston Barrett, aliyepiga besi katika kundi la The Wailers, alidhihirisha kwamba noti chache zilizopangwa vyema zinaweza kukumbukwa kuliko maneno ya wimbo.

KAZI YA MPIGAJI

Kazi ya kwanza ya mpiga besi ni kufungamanisha mapigo ya ngoma na sauti za magitaa. Humsikiliza mpiga ngoma kabla ya mtu mwingine yeyote, hasa ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Wawili hao wakiachana, bendi nzima huyumba, hata kama kila mmoja anapiga noti zilizo sahihi.

Kazi ya pili ni kuonyesha msingi wa kila kodi. Anayejua sol-fa kutoka kwaya ya shule au kanisa tayari ana mtaji, kwa maana nyimbo nyingi za benga na mapambio ya kanisani hujengwa juu ya kodi tatu tu, zile zinazoanzia do, fa na so. Mwanafunzi anayeweza kuzipata sauti hizo tatu katika kila ufunguo, na kuzibadilisha kwa wakati ufaao, anaweza kuitegemeza bendi kwa saa nzima. Madoido yatafuata baadaye.

Kazi ya tatu, na ambayo ni ngumu zaidi kwa vijana, ni kunyamaza. Noti inayokatwa kwa wakati wake huupa wimbo pumzi. Anayejaza kila nafasi kwa sauti huwanyima wenzake pa kusimama.

KUCHAGUA GITAA

Vyombo vingi mikononi mwa bendi za ridhaa ni vya mitumba. Mnunuzi hana budi kukagua shingo ya gitaa kwa kuitazama kutoka upande mmoja, kuhakikisha kwamba haijapinda kupita kiasi. Apige kila noti kwenye kila uzi akisikiliza iwapo kuna mahali uzi unagonga chuma na kukoroma. Azungushe vifundo vya sauti huku gitaa likiwa limeunganishwa. Mikwaruzo huashiria vumbi au waya uliolegea, ambao fundi wa redio anaweza kuurekebisha kwa gharama ndogo.

Magitaa mengine hutumia betri ya volti 9. Katika mengi ya hayo, betri huendelea kutumika mradi waya umechomekwa, hata gitaa likiwa limelala. Anayesahau kuuchomoa baada ya mazoezi hujikuta hana sauti siku ya shughuli. Nyuzi za besi ni ghali lakini hudumu zikipanguswa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa, jambo la lazima hasa pwani, ambako unyevu na chumvi huleta kutu upesi.

AMPLIFAYA NA SPIKA

Kosa la kawaida ni kuiunganisha besi na amplifaya ndogo ya gitaa la kawaida au mtambo wa muziki wa nyumbani. Sauti nzito huilazimisha spika kusogea mbele na nyuma kwa umbali mkubwa, na spika ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo hukwama au kupasuka.

Isitoshe, sikio la binadamu halisikii sauti nzito kwa wepesi kama linavyosikia sauti za wastani. Ndiyo sababu besi huhitaji nguvu nyingi kuliko solo. Amplifaya ya wati 30 yaweza kutosha sebuleni. Palipo na ngoma kamili na magitaa mawili, wapigaji wengi hutafuta wati 200 au zaidi. Lakini wati zisimdanganye mnunuzi. Kuongeza nguvu maradufu huzidisha sauti kwa desibeli 3 pekee, tofauti ambayo msikilizaji huitambua kwa shida. Spika ya pili iliyo nzuri huenda ikasaidia zaidi kuliko amplifaya kubwa.

Hapa pana hatari. Spika mbili za ohmu 8 zikiunganishwa sambamba huwa ohmu 4. Ikiwa amplifaya haikuundwa kuhimili kiwango hicho, huchemka na kuungua. Idadi hizo huandikwa nyuma ya mtambo na zapaswa kusomwa kabla ya kuunganisha chochote. Vilevile, waya wa kuunganisha spika si sawa na ule wa gitaa, hata kama ncha zake zinafanana.

Mahali ambapo spika huwekwa pia huathiri sauti. Ikisukumwa kwenye kona, sauti nzito huongezeka na kuwa uvumi usio na noti. Kuivuta hatua chache kutoka ukutani mara nyingi husafisha sauti bila kugharimu senti.

UMEME NA MASIKIO

Mnamo Mei 1972, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani huko Swansea, Wales, alipoguza kipaza sauti ambacho hakikuwa na waya wa ardhi ilhali nyuzi za gitaa lake mkononi zilikuwa nao. Hatari kama hiyo ipo popote ambapo waya wa ardhi umekatwa au plagi ya pini tatu imebadilishwa na waya mbili zilizochomekwa kwa vijiti vya kiberiti.

Bendi inapaswa kuukagua umeme kabla ya kupakua vyombo, kubeba waya zake za kurefusha umeme zilizo na waya wa ardhi, na kukataa kupiga kwenye jukwaa lenye maji. Chombo kilichotengenezewa umeme wa volti 120 wa Marekani kisichomekwe moja kwa moja kwenye volti 240 za Kenya bila transfoma.

Masikio nayo hayana vipuri. Mnamo 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba sauti katika kumbi za burudani isizidi wastani wa desibeli 100 kwa kipindi cha dakika 15. Anayesimama kando ya matoazi kila wikendi bila kinga huenda akapoteza usikivu kidogokidogo, na hasara hiyo hairudi.

KUPANGA SHUGHULI

Mapatano ya mdomo ndiyo chanzo cha aibu nyingi. Karatasi moja inayotiwa sahihi na pande zote mbili inatosha, mradi ieleze tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya vipindi na mapumziko, nani ataleta vyombo, nani atalipia usafiri wa usiku, kiasi cha malipo na siku ya kuyatoa. Arbuni itolewe mapema ili bendi isikodi gari na spika kwa fedha za wanachama kisha harusi iahirishwe.

Mgawanyo wa malipo nao uandikwe kabla ya shughuli. Tuseme bendi ya watu sita imelipwa Sh20,000. Ikitoa Sh4,000 za gari, Sh5,000 za kukodi vyombo na Sh2,000 za akiba ya nyuzi na ukarabati, hubaki Sh9,000, yaani Sh1,500 kwa kila mmoja. Hesabu hiyo ikijulikana mapema, hakuna atakayemshuku mweka hazina usiku wa manane. Ikumbukwe pia kuandika ni vyombo vipi ni mali ya bendi na vipi ni vya mtu binafsi, kwa sababu swali hilo huulizwa wakati mmoja wao anapoondoka kwa hasira.

Ukumbini, majaribio ya sauti huanza na ngoma, kisha besi, magitaa, kinanda na mwishowe waimbaji. Kila mmoja akijipandishia sauti yake, waimbaji hulazimika kupiga mayowe na wimbo wa tatu haufiki wakiwa na sauti.

Sheria pia zazingatiwa. Kanuni za kudhibiti kelele za 2009 chini ya mamlaka ya mazingira NEMA huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vinavyoruhusiwa hushuka sana kuanzia hapo. Mwandalizi anayetumia mitambo ya sauti hadharani anapaswa kutafuta kibali mapema, la sivyo vyombo vyaweza kunaswa. Kuhusu nyimbo za wengine, hakimiliki nchini Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mirabaha hukusanywa na mashirika yenye leseni ya Halmashauri ya Hakimiliki (KECOBO), na mkataba ueleze ni nani atakayeilipa. Kwa kawaida huo ni mzigo wa mwenye ukumbi au mwandalizi.

USHINDANI WA SASA

Baa na mikahawa mingi imegundua kwamba mwimbaji mmoja mwenye gitaa na mashine ya mapigo, mtindo uliovuma katika mugithi, hugharimu pungufu ya bendi ya watu sita. Masharti ya kukabili Covid-19 yaliyoanza Machi 2020, pamoja na kafyu iliyoondolewa Oktoba 2021, yalizidi kuzikausha kumbi. Wa kwanza kukosa kazi mashine inapoingia huwa mpiga ngoma na mwenzake wa besi.

Bendi ya ridhaa haiwezi kushindana na mashine kwa bei. Inachoweza kutoa ni kile ambacho mashine haina: kumtazama mcheza densi aliyechoka na kupunguza mwendo, au kurefusha kipande ambacho bibi harusi amekipenda. Uamuzi huo hupitia kwa mpiga besi na mwenzake wa ngoma kabla ya kuifikia bendi nyingine. Kwa sababu hiyo, kundi linaloanza lingefaulu zaidi likimtafuta mpiga besi mwanzoni, kabla ya kununua sare na kuchagua jina.