Ufizi na Sukari: Historia ya Maarifa Mawili Yaliyotengana, Ikitazamwa kutoka Makoongwe, Pemba

Kisiwa cha Makoongwe kinatazamana na bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Mkaazi wake anayehitaji hospitali huvuka kwa chombo hadi Mkoani, iliko Hospitali ya Abdulla Mzee. Ugonjwa wa fizi hauna haraka ya kuuma: hutoa damu wakati wa kupiga mswaki, hunukisha kinywa, hulegeza meno kwa miaka. Ni vigumu kumdhania mtu atakayepanda mashua kwa sababu ya damu kidogo kwenye mswaki. Atapanda jino likiuma. Insha hii inajenga hoja kwamba uhusiano wa ugonjwa wa fizi na kisukari ulichelewa kutambulika nchini Tanzania si kwa kukosekana ushahidi, bali kwa sababu ushahidi ulikusanywa na taaluma mbili zilizokuwa hazisomani. Na kwamba ushahidi huo, ukisomwa upya, una uzito zaidi ya ule uliopewa wakati wake.

Pemba ina nafasi ya pekee katika historia ya kinywa. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na kwa miongo mingi karafuu za visiwa hivi zilitawala soko la dunia. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, kemikali inayotia ganzi, na madaktari wa meno wa Ulaya na Marekani waliichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza saruji ya kuzibia meno kwa muda. Hivyo dawa iliyotulizia meno ya walimwengu ilichumwa hapa hapa, na mzalishaji wake aliijua kabla ya mwanakemia: punje ya karafuu kubanwa kwenye jino ni tiba ya nyumbani ya pwani nzima. Lakini karafuu huondoa maumivu, haiondoi ukoga uliogandamana chini ya ufizi. Kwa upande wa usafi, pwani ilikuwa na mswaki, yaani kijiti cha mti, kilichotiliwa nguvu na sunna ya Mtume. Inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kimelirithi neno hili kutoka Kiarabu na kulitumia kwa kijiti na kwa burashi ya plastiki bila kubagua.

Kutengana kwa taaluma hizi mbili kulianzia mbali na Afrika Mashariki. Mnamo mwaka 1910, tabibu Mwingereza William Hunter alihutubia Montreal, Canada, akiwashutumu madaktari wa meno kwa kuficha usaha chini ya kazi za dhahabu, na akadai kwamba maradhi mengi ya mwili hutoka kinywani. Nadharia hiyo ilienea, na watu wengi wa Marekani na Uingereza waling'olewa meno yote bila kupona maradhi waliyokuwa nayo. Ilipoporomoka katika miongo iliyofuata, iliacha aibu. Tabibu aliyetaja meno alionekana kurejea ushirikina wa zamani, na daktari wa meno akabaki na kinywa chake. Kwa maoni ya mwandishi, aibu hiyo ndiyo ufunguo wa historia nzima ya baadaye, kwani katika karne ya 20 kila taaluma ilifundishwa katika jengo lake, kwa vitabu vyake, hata katika vyuo vipya vya Afrika.

Miaka ya 1980 nchini Tanzania inaonesha jambo hilo waziwazi. Mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha uchunguzi wa fizi za watu wazima wa Tanzania. Walikuta ukoga mwingi, laini na mgumu, na fizi zinazotoka damu karibu kwa kila mtu. Lakini waliopoteza meno kwa sababu hiyo walikuwa wachache. Uharibifu mkubwa ulijikusanya kwa watu wachache na kwa meno machache. Utafiti uliofuata Kenya, uliochapishwa mwaka 1988, ulitoa picha ileile. Matokeo hayo yaliitikisa taaluma: hadi hapo ilifundishwa kwamba ufizi uliovimba, usipotibiwa, mwisho wake ni jino kung'oka.

Katika muongo huohuo, Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walikuwa wakipima sukari ya damu vijijini. Ripoti yao katika jarida la Lancet mwaka 1989 ilionesha kwamba, katika vijiji sita vya Tanzania Bara, wenye kisukari hawakufika asilimia 1 ya watu wazima. Tafiti hizi mbili zilipishana kwa miaka mitatu tu, katika nchi moja. Moja ilikuta fizi chafu na meno imara. Nyingine ilikuta damu yenye sukari ya kawaida. Hakuna iliyojenga hoja yake juu ya nyingine.

Jibu lilitoka jangwa la Arizona. Wapima wa jamii ya Gila River, ambao kisukari kwao kimekithiri kuliko karibu jamii yoyote duniani, walikuwa wakichunguzwa na watafiti wa Marekani tangu miaka ya 1960. Mwaka 1990 Robert Nelson na wenzake walionesha kwamba Wapima wenye kisukari walipata ugonjwa wa fizi kwa kasi ya mara 2.6 ya wasio nacho. Mwaka 1993 Harald Löe aliuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita la kisukari, baada ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa mikubwa ya damu na vidonda visivyopona. Mwaka 1996 George Taylor na wenzake waligeuza swali: miongoni mwa Wapima wenye kisukari, waliokuwa na fizi zilizoharibika sana ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kushindwa kudhibiti sukari baadaye. Maelezo yanayokubalika leo ni haya: uvimbe wa kudumu wa fizi humwaga katika damu kemikali zinazoidhoofisha kazi ya insulini, na sukari nyingi nayo huzidhoofisha chembe za kinga na kuzuia tishu kujijenga.

Tanzania na Arizona zikiwekwa pamoja zinasema jambo moja kutoka pande mbili. Ukoga ni chanzo, lakini mwili wenyewe ndio unaoamua uharibifu utafika wapi. Hapa tahadhari inahitajika. Baelum na wenzake hawakupima sukari, na haifai kudai kwamba meno ya Watanzania wa 1986 yaliokolewa na uhaba wa kisukari. Umri, urithi na tumbaku vina sehemu yake. Linaloweza kusemwa ni kwamba Tanzania ilikuwa na picha ya kabla, iliyopigwa kwa uangalifu, na picha hiyo haikutumika.

Suala la tiba nalo halikuwa jepesi. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2013 katika jarida la JAMA halikuona sukari ikishuka baada ya kusafisha fizi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya majaribio 35, yalikuta hemoglobini A1c ikipungua kwa wastani wa asilimia 0.43 ndani ya miezi mitatu hadi minne. Ni badiliko dogo, ila kwa mgonjwa anayetumia vidonge vya bei nafuu si la kupuuzwa.

Zanzibar ilitangaza matibabu bure baada ya Mapinduzi ya 1964, mwaka uleule ambao madaktari kutoka China walianza kuja, na uchunguzi wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza ulifanyika visiwani mwaka 2011. Mtafiti atakayetaka kuendeleza hoja hii hatakosa pa kuanzia: rekodi za meno yaliyong'olewa na rekodi za wagonjwa wa sukari zisomwe jina kwa jina, kwa ruhusa ya wenyewe. Kwa mkaazi wa Makoongwe swali hilo lina bei. Kliniki ya sukari na kliniki ya meno zikipangwa siku mbili tofauti, atalipia kuvuka bahari mara nne badala ya mbili, na ile atakayoiacha ni ya ufizi, kwa kuwa hauumi.